Umeokoka Lini? Swali la Wapuritani kwa Watoto wa Wahamiaji

Kama umekulia katika kanisa la Waswahili huku ughaibuni, swali hili unalijua: "Umeokoka lini?" Anayekuuliza huwa ni shangazi au mzee wa kanisa, na anataka tarehe. Yeye ya kwake anayo. Anaukumbuka mkutano, anamkumbuka mhubiri, hata wimbo uliokuwa unaimbwa anaukumbuka. Wewe je? Ulibebwa mgongoni kwenye mikesha, ukaimba kwaya ya watoto, ukafunga na kuomba kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imefunga. Siku ya kuokoka huna. Au unazo nne, kila kambi ya vijana moja.

Wengine hutunga jibu ili mambo yaishe. Wengine huanza kujiuliza kimoyomoyo: hivi hii imani ni yangu kweli, au ni ya mama tu?

Sasa basi, si sisi wa kwanza kukwama hapo. Kuna watu waliolibeba swali hilihili karibu miaka 400 iliyopita, nao walikuwa wahamiaji wenye watoto waliozaliwa ugenini. Ni Wapuritani. Najua, jina lenyewe linaleta picha ya watu wenye nguo nyeusi na nyuso zilizonuna. Lakini vumilia kidogo, maana vitabu vyao vina neno kwa mtoto wa mhamiaji.

Walokole wa zamani

Jina "Mpuritani" lilianza kama tusi. Miaka ya 1560, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Kanisa la Uingereza lilikuwa limeshajitenga na Roma, ila wapo walioona matengenezo yameishia katikati. Walitaka mahubiri zaidi, ibada iliyo wazi, na maisha ya kila siku yanayopimwa kwa Biblia. Wenzao wakawacheka: hao ni wasafi kuliko wote! Ukitafuta mfano wa nyumbani, fikiria lile neno "walokole" linavyotamkwa mtaani, nusu kwa heshima na nusu kwa dhihaka.

Hawakuwa watu wa aina moja. John Owen alikuwa msomi wa Oxford. John Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria, tena alikaa gerezani Bedford karibu miaka 12, kuanzia 1660, kwa sababu ya kuhubiri bila kibali. Huyo Bunyan ndiye aliyeandika kisa cha msafiri anayetembea na mzigo mgongoni kuelekea mji wa mbinguni. Kilitoka mwaka 1678, na tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha zipatazo 80 za Afrika peke yake, Kiswahili kikiwemo. Kwa hiyo hata kama hujawahi kusikia neno Mpuritani, huenda bibi yako alimsoma mmoja wao bila kujua.

Halafu kuna waliohama. Kati ya 1630 na 1640, Waingereza kama 20,000 walivuka bahari kwenda New England, sehemu ya Marekani ambayo Boston ndiyo mji wake mkubwa. Mmoja wao ni Anne Bradstreet, aliyepanda meli mwaka 1630 akiwa na mume wake na wazazi wake, umri wake kama miaka 18. Baadaye aliwaandikia watoto wake barua ambayo kila mzazi wa ughaibuni angefaa aisome. Anakiri kwamba alipofika na kuona nchi mpya na desturi mpya, moyo wake uligoma. Anakiri pia kwamba kuna nyakati alisumbuliwa na mashaka kama Maandiko ni ya kweli, na kama Mungu yupo kabisa. Anawaambia haya watoto wake mwenyewe! Hebu fikiria mama yako akikuandikia hivyo. Wengi wetu tumewasikia wazazi wakitoa ushuhuda wa ushindi tu. Yale mapambano walibaki nayo chumbani.

Mwaka ambao watoto walikuwa ajenda

Makanisa ya New England yalikuwa na sharti. Ukitaka kuwa mshirika kamili, unasimama na kueleza jinsi neema ilivyofanya kazi ndani yako. Kwa kifupi, ushuhuda. Kwa waliokulia kwenye makanisa yaliyoguswa na uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, hili si geni. Sisemi kwamba uamsho ule ulitoka moja kwa moja kwa Wapuritani. Ninachosema ni kwamba ile sauti ya "simama utuambie Bwana amekutendea nini" inafanana.

Wazazi waliovuka bahari walikuwa na cha kusimulia. Waliacha nyumba na ndugu, wakapambana na maaskofu, wakazika watu njiani. Watoto wao walizaliwa Massachusetts, wakabatizwa wachanga, wakalelewa kwa maombi asubuhi na jioni. Wakakua. Wakawa waadilifu, wanakwenda ibadani, lakini wengi hawakuthubutu kusimama na kusema "nimeongoka". Hawakuwa na kisa. Kisha nao wakaoa, wakaolewa, wakapata watoto, na swali likafika mezani: mtoto wa mtu ambaye si mshirika kamili abatizwe au asibatizwe?

Mwaka 1662 wachungaji walikutana Boston wakapitisha mpango ambao wapinzani wake baadaye waliupachika jina la Agano la Nusu Njia. Aliyebatizwa utotoni, anayeishi vizuri na kulikubali fundisho la kanisa, angeweza kuwaleta watoto wake kubatizwa. Lakini Meza ya Bwana asingekaribia mpaka awe na ushuhuda wake, na kura kanisani asingepiga.

Hapa kuna jambo linalonichekesha na kunifikirisha. Mchungaji Richard Mather, aliyehama Uingereza mwaka 1635, aliuunga mkono mpango huo. Aliyeupinga ni mwanawe, Increase Mather, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1639. Yaani mzazi aliyehama ndiye aliyetaka kuufungua mlango zaidi, na mtoto aliyezaliwa ugenini ndiye aliyetaka ubaki na komeo. Miaka baadaye Increase alibadili msimamo. Si tunaijua hali hiyo? Mara nyingine sisi tuliozaliwa huku ndio tunakuwa wakali kuliko wazazi, tukipima nani ni Mswahili wa kweli na nani ni Mkristo wa kweli, kwa sababu wenyewe tunaogopa kupimwa.

Machinga na kitabu kidogo

Kule Uingereza kulikuwa na kijana aliyesumbuliwa na swali hilo hilo. Richard Baxter alizaliwa mwaka 1615, akaja kuwa mchungaji maarufu wa mji wa Kidderminster. Katika maelezo ya maisha yake, yaliyotoka baada ya kifo chake, anasimulia kwamba siku moja mchuuzi maskini alifika mlangoni kwao akiuza nyimbo zilizochapwa pamoja na vitabu vichache vizuri. Machinga kabisa. Baba yake akanunua kitabu cha mhubiri Richard Sibbes, kilichotoka mwaka 1630, kinachofafanua Isaya 42:3: yale maneno kuhusu mwanzi uliopondeka na utambi unaofuka moshi.

Hoja ya Sibbes ni rahisi. Moshi ni ushahidi wa moto. Kama ndani yako kuna moshi tu, unaowasha macho na usiotoa mwanga, bado kuna cheche, na Kristo si mtu wa kuizima. Kazi yake ni kuipulizia mpaka iwake. Kwa hiyo mtu anayehuzunika kwamba imani yake ni ndogo asikimbilie kusema hana imani. Kile kuhuzunika chenyewe kinasema kuna kitu hai ndani.

Baxter alibaki na wasiwasi kwa muda, kwa sababu hatua za kuongoka alizozisoma kwa wahubiri hakuziona kwake kwa mpangilio ule, na tarehe hakuijua. Mwishowe akaelewa kwamba Mungu havunji mioyo yote kwa namna moja, na kwamba malezi ya nyumbani nayo ni njia halali ya neema, sawasawa na mahubiri. Soma tena hapo. Yale maombi ya kabla ya kulala, mama akisinzia huku anaomba kwa sababu ametoka zamu ya usiku, si kitu pungufu ambacho baadaye kinasubiri kambi ili kihesabike. Hiyo ilikuwa neema inafanya kazi.

Kwa hiyo ukiniuliza thamani ya Wapuritani leo ni nini, nitaanzia hapo. Walikuwa madaktari wa roho. Hawakuridhika kumwambia mtu "amini tu". Walimuuliza: unaumwa wapi? Tangu lini? Hofu yako ni ya adhabu, au ni ya kumkosea unayempenda? Kitabu cha Owen cha mwaka 1656 kuhusu kuifisha dhambi kinakwenda hivyo, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayechunguza jeraha. Kinachosha, sikatai. Lakini ukitoka hapo unajua kinachokuuma.

Hawakuahidi gari

Thamani ya pili ni kwamba waliandika kutoka mahali pa maumivu. Owen alizaa watoto 11. Kumi walikufa wadogo, na binti mmoja aliyefikia utu uzima naye alimtangulia kaburini. Mwezi Agosti 1662, mwaka uleule wa mkutano wa Boston, wachungaji Wapuritani wa Uingereza walitakiwa kukubali kila neno la kitabu cha sala cha Kanisa au waondoke. Ukijumlisha na waliokwisha kutolewa miaka miwili ya nyuma, karibu 2,000 walipoteza kazi zao, na wengi wao nyumba pia. Baxter alikuwa mmoja wao.

Watu wa namna hiyo hawawezi kukwambia kwamba imani ikiwa kubwa, visa na gari vitakuja. Jeremiah Burroughs, aliyewahi kukimbilia Rotterdam na kuhudumia Waingereza waliokuwa uhamishoni, aliacha mahubiri juu ya kuridhika yaliyochapwa mwaka 1648, miaka miwili baada ya kufa kwake. Anafundisha kwamba kuridhika hakuji kwa kuongeza mali ifikie matamanio. Kunakuja kwa kushusha matamanio yakutane na hali uliyo nayo. Ukiwa na zamu mbili, kodi ya nyumba, na ujumbe wa simu kutoka nyumbani kwamba ada ya mpwa wako haijalipwa, hayo si maneno ya mapambo.

Doa ambalo halifutiki

Lakini tusiwapake asali. Watu hawa waliokimbia kubanwa wakawabana wengine. Boston ilimnyonga Mary Dyer mwaka 1660 kwa sababu alikuwa Mkweka na alikataa kukaa mbali na mji. Sheria ya Massachusetts ya mwaka 1641 iliacha mlango wa utumwa wazi. Cotton Mather, mjukuu wa yule Richard, alipewa na waumini wake Mwafrika aliyeitwa Onesimus kama zawadi. Zawadi! Onesimus ndiye aliyemweleza jinsi watu wa kwao Afrika walivyojikinga na ndui kwa kuchanja, maarifa yaliyookoa watu Boston ilipovamiwa na ugonjwa huo mwaka 1721.

Wapo walioona mapema. Baxter, mwaka 1673, aliwalaani wanaokwenda kuwakamata Waafrika na kuwaita wezi wabaya kuliko wote, ingawa hakuupinga utumwa wa kila namna. Samuel Sewall wa Boston, jaji aliyetubu hadharani mwaka 1697 kwa sehemu yake katika kesi za wachawi za Salem, alichapisha mwaka 1700 andiko la kupinga utumwa. Wengine wengi walinyamaza.

Mtu mweusi anayewasoma ana haki ya kuuliza: watu waliochunguza moyo kwa taa kiasi kile, iweje hawakumwona Onesimus jikoni kwao? Sina jibu la kulainisha. Ila naona kwamba kipimo kinachowahukumu ni kilekile walichokiandika wenyewe: kwamba moyo ni hodari wa kujificha, na kwamba mtu anaweza kuomba saa nzima akiwa ameikalia dhambi yake kama kigoda. Tunawasoma tukiwa tumeshika kipimo hicho, na tukimaliza kuwapima wao, tujigeuzie.

Pa kuanzia

Anza na Sibbes, kile kitabu cha mwanzi. Ni kifupi. Ukikwama kwenye Kiingereza chake cha zamani, soma kurasa mbili kwa siku, kwa sauti, kama unavyosoma barua ya mzee. Kisha mchukue Bunyan kwa Kiswahili, msome na mzazi wako. Owen mwache mpaka uzoee.

Aliyeko London apite Bunhill Fields, makaburi ya City Road, karibu na stesheni ya Old Street. Bunyan yuko pale, amechongwa amelala juu ya kaburi lake, na pembeni ya jiwe kuna msafiri na mzigo wake. Owen naye amezikwa humo. Hakuna kiingilio.

Na shangazi akiuliza tena umeokoka lini, mjibu kwa heshima: "Shikamoo shangazi. Tarehe siijui. Lakini moto upo, na mlioanza kuuwasha ni ninyi."