Wazee na Chanjo

Watu wengi hudhani ya kuwa chanjo ni jambo la watoto wachanga tu. Walakini wazee nao waihitaji sana. Na tutazame sababu yake.

Mwili wa mtu una walinzi wake, mfano wa askari walindao mji. Vijidudu vya ugonjwa viingiapo, askari hao huviandama na kuviua. Lakini adui mgeni hawamtambui upesi, na kabla hawajamtambua, ugonjwa huwa umekwisha kuenea. Kazi ya chanjo ni kuwaonyesha sura ya adui kabla hajaja. Chanjo nyingi hutengenezwa kwa vijidudu vilivyouawa au vilivyodhoofishwa, au kwa sehemu yao ndogo tu. Mwili hujifunza kwa muda wa majuma mawili hivi; na katika kujifunza huko mkono waweza kuuma, au homa ndogo ikaja siku moja au mbili.

Basi mtu akizeeka, askari hao huzeeka pamoja naye. Hukawia kumtambua adui, na nguvu zao hupungua. Kwa hiyo mafua makali, ambayo kijana huyashinda kwa siku chache, yaweza kumletea mzee nimonia na kumwua. Ulipoenea ugonjwa wa UVIKO-19, tangu mwaka 2020, wazee ndio waliokuwa katika hatari kubwa kupita wote. Ndiyo sababu nchi nyingi ziliwatanguliza katika kuchanja. Huko Uingereza, tarehe 8 Desemba 2020, wa kwanza alikuwa Bibi Margaret Keenan, mwenye umri wa miaka 90. Nchini Tanzania chanjo hiyo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, naye Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote.

Hata hivyo wazee wengi husita. Mmoja husema, "Nimeishi miaka 70 bila sindano." Mwingine husema, "Mimi nilikwisha kuchanjwa utotoni." Maneno hayo si ya kuchekwa, ni maswali yanayotaka majibu. Wahenga walisema, "Utu uzima dawa," basi mzee hafundishwi kwa amri wala kwa kelele. Afundishaye na aanze na yale ambayo mzee mwenyewe ameyaona.

Wazee wengi wana kovu mkononi, alama ya chanjo ya ndui. Na waulizwe kwa adabu: Ndui imekwenda wapi? Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Aliogopa maumivu ya sindano, akaikwepa chanjo; akaugua, kisha akapona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza ya kuwa ndui imekwisha duniani. Baadaye Maalin alikwenda huku na huku akiwaeleza wazazi habari zake, ili watoto wao wachanjwe wasipate polio.

Lakini kovu la ndui halimkingi mtu na mafua, maana askari wamjuao adui mmoja hawamjui mwingine. Tena mafua hubadili sura, hata chanjo yake hurudiwa kila mwaka. Na chanjo ya pepopunda hupungua nguvu kadiri miaka ipitavyo.

Wewe uliyejifunza kusoma, msomee babu yako au bibi yako tangazo la zahanati. Usimfiche ya kuwa mkono huenda ukauma. Akiuliza usilolijua, usibuni jibu. Nendeni pamoja kwa mganga, awaeleze na kuwaambia ni chanjo zipi zimfaazo. Mzee aliyelazimishwa hunung'unika, lakini mzee aliyeelewa huenda mwenyewe, tena huwaambia wenzake barazani.

Maswali
1. Kwa nini mafua ni hatari zaidi kwa mzee kuliko kwa kijana?
2. Kwa nini kovu la ndui halimkingi mtu na mafua?
3. Utamjibuje mzee asemaye, "Nimeishi miaka 70 bila sindano"?