Kwa Nini Twamlaumu Aliyepatwa na Ajali?



Basi linapopinduka barabarani, maneno hufika kijijini kabla maiti hazijaletwa. "Kwa nini alisafiri usiku?" "Mbona hakungoja gari la asubuhi?" Mjane ameketi mkekani, naye ayasikia yote. Je, maneno haya yatoka wapi? Mara nyingi hayatoki katika chuki, bali katika hofu.

Kila mtu hupenda kuamini ya kwamba ulimwengu humlipa kila mmoja kama anavyostahili. Basi mtu mwema akifa safarini, imani hiyo yatikisika, maana hata mimi naweza kufa vivyo hivyo. Ili nipate usingizi, natafuta kosa lake. Nikiliona, nasema moyoni, "Mimi sifanyi hivyo, kwa hiyo ni salama."

Mwaka wa 1966 wataalamu wawili wa Marekani, Melvin Lerner na Carolyn Simmons, walilichunguza jambo hili. Wanafunzi wa kike walimtazama mwanamke aliyeonekana kana kwamba anapigwa na umeme kila alipokosea jibu. Kwa kweli alikuwa akiigiza tu. Wale walioamini kwamba ataendelea kuteswa, nao hawana njia ya kumsaidia, walimdharau. Lakini wale waliopewa nafasi ya kumwondolea mateso na kumpatia malipo hawakumdharau kiasi hicho.

Bwana Yesu naye aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Katika Luka 13 twasoma kwamba alikana kuwa hao walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia wasikilizaji wake, wajitazame wao wenyewe.

Sisemi ya kwamba dereva mlevi asishtakiwe. Kutafuta chanzo cha ajali ili isitokee tena ni kazi njema, nayo ina mahali pake. Lakini mkekani pa mjane si mahali pake.

Ndugu yangu, ukienda penye msiba juma hili, usiulize marehemu alikuwa akienda wapi. Teka maji. Pasua kuni. Keti na wafiwa. Mikono ikipata kazi ya kusaidia, ulimi hauna haja ya kulaumu.