Picha Aliyekuwa Mzito

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Leo nawasimulia habari za Picha.

Picha alizaliwa Lamu, siku ya mashindano ya majahazi. Dada mmoja mpiga picha alisimama ufukweni na simu yake, akabonyeza, na Picha huyo! Ana tanga jeupe. Ana povu la bahari. Ana mabaharia walioegemea upande mmoja ili chombo kisipinduke. Picha mzuri mno, lakini mzito! Upana wake nukta 4000, kimo chake nukta 3000, uzito wake megabaiti 4.

Dada ana tovuti ya kuonyeshea wateja kazi zake. Akampanga Picha humo pamoja na ndugu zake, jumla yao 40.

Mgeni akafungua tovuti kwa simu. Akangoja. Kioo cheupe. Akangoja tena. Kioo cheupe. Akaondoka zake.

"Nilikuwa njiani!" Picha akalia. "Mimi ni mzito!"

Mjomba, mbona hakumsubiri? Hongera, mpwa wangu, kwa kuuliza! Piga hesabu: 40 mara 4 ni megabaiti 160. Wote waliitwa kwa pamoja, wakagombea intaneti ile ile, na bando la mgeni likateketea. Mama akipata mgeni, humwekea mbele sufuria nzima ya pilau? La. Humpakulia sahani ya kumtosha, akimaliza humwongezea. Tovuti nayo ifanye hivyo hivyo.

Lakini mjomba, Picha akipunguzwa si ataharibika? Swali la mtu mwenye akili hilo! Simu nyingi zina kioo chenye upana wa nukta 1080 hivi. Picha wa nukta 4000 akifika hapo hufinywa mpaka aenee, na nukta nyingi zinakuwa zimesafiri bure. Basi dada akatengeneza nakala kadhaa: ndogo ya simu, kubwa ya kompyuta. Kivinjari huchagua chenyewe inayofaa. Tena akazihifadhi kwa muundo wa WebP, ambao Google waliutoa mwaka 2010. Mara nyingi faili zake huwa nyepesi kuliko za JPEG, na jicho halioni tofauti. Picha wa asili akabaki salama kwenye kompyuta ya dada, maana mteja akitaka kumchapisha awe mkubwa ukutani, nukta zake zote zitahitajika.

Na wale ndugu zake walioko chini ya ukurasa? Wasubiri. Kuna agizo dogo la kuwachelewesha: mgeni akikaribia kuwafikia kwa kidole, ndipo wanapoitwa. Ila hapa sikilizeni vizuri. Picha wa kwanza kabisa asicheleweshwe! Huyo ndiye anayetazamiwa na mgeni tangu anapofungua mlango. Na kila mmoja aandikiwe upana na kimo chake mapema, nafasi yake itengwe. Bila hivyo maandishi huruka ghafla picha inapoingia, na kidole kinagusa pasipotakiwa.

Video je, mjomba? Aa, huyo ni mzito kuliko wote! Mimi sipendi kabisa video inayojichezea ukurasa ukifunguka tu. Huko ni kula bando la mtu bila kumwomba. Iwekwe picha moja ya jalada, na kitufe cha kuichezesha. Anayeitaka atakibonyeza. Ikianza, ije vipande vipande, kila kimoja cha sekunde chache. Intaneti ikidhoofika, kipande kinachofuata kije na ubora wa chini kidogo, na mashindano ya majahazi yaendelee bila kukwama.

Haya, wapwa zangu wapenda kuuliza. Chukueni simu ya mama, kwa ruhusa yake. Fungueni picha moja aliyoipiga mwenyewe, mtafute taarifa zake, kisha mnisomee: nukta ngapi, megabaiti ngapi?