Istanbul: matembezi, mlo na manunuzi kwa hesabu ya dola

Kila inapotangazwa kwamba lira ya Uturuki imeporomoka, wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa huanza kuulizia tiketi za Istanbul. Hoja yao ni nyepesi: fedha ya wenyeji imeshuka, kwa hiyo nguo zao nazo zitakuwa rahisi. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli mwaka 2021. Mwaka 2024 mambo yalikwenda kinyume, na aliyesafiri na hesabu za zamani alipata mzigo mdogo zaidi kwa mtaji uleule.

Tupige hesabu. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa takriban lira 7.4. Bidhaa ya dola 100 ilikuwa na bei ya lira 740. Mfumuko wa bei uliotangazwa rasmi kwa mwaka huo ulikuwa asilimia 36, kwa hiyo hadi Desemba bidhaa hiyo ingefikia kama lira 1,006. Lakini dola nayo ilikuwa imepanda hadi lira 13.3. Mwenye dola angelipa dola 76 tu. Huo ndio mwaka uliowafanya watu waseme Istanbul ni bei ya kutupa.

Sasa tazama 2024. Mwaka ulianza dola ikiwa kama lira 29.5 na ukaisha ikiwa lira 35.3. Lira ilishuka, ndiyo, lakini bei za vitu zilipanda kwa asilimia 44. Bidhaa ya lira 2,950 ikawa lira 4,248, yaani dola 120. Sababu yake si siri. Benki Kuu ya Uturuki ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 50 mwezi Machi 2024, na riba hiyo ikaizuia lira isianguke kwa kasi wakati bei za ndani zikiendelea kupaa. Hizi ni hesabu za wastani wa bei zote, na nguo au viatu vinaweza kutofautiana nazo. Hata hivyo zinaonyesha jambo ambalo mnunuzi anapaswa kuuliza kabla ya kukata tiketi. Asiulize lira imeshuka kiasi gani. Aulize imeshuka kwa kasi kuliko bei, au bei ndizo zimeitangulia.

Katika mitaa ya jumla swali hilo hujibiwa mapema, kwa sababu wauzaji wengi wa Laleli hutaja bei kwa dola. Mtaa huo ulijengwa na biashara ya masanduku. Baada ya Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, wachuuzi kutoka Urusi na nchi jirani zake walimiminika Istanbul, wakinunua nguo na makoti ya ngozi na kurudi nayo kama mizigo ya abiria. Mwaka 1996 Benki Kuu ya Uturuki ilikadiria biashara hiyo kufikia dola bilioni 8.8. Sarafu ya Urusi ilipoanguka Agosti 1998, Laleli iliyumba vibaya. Wenye maduka walijifunza kutomtegemea mteja wa nchi moja, na leo mchuuzi kutoka Afrika hapokelewi kama mgeni wa ajabu.

Laleli haiuzi gauni moja moja. Huuzwa kwa seti ya saizi, ambayo wenyeji huiita seri, na mara nyingi seti hiyo hubeba saizi ndogo ambazo Kariakoo au Gikomba hazitoki haraka. Uliza seti ya saizi kubwa kabla ya kuanza kupatana bei. Wanaotaka mitindo ya juu kidogo huenda Osmanbey, na Merter nako kuna maduka ya jumla na watengenezaji. Bei za Osmanbey zinahitaji mteja wa aina yake huku nyumbani. Kama dukani kwako watu wanauliza bei kabla ya kugusa kitambaa, baki Laleli.

Istanbul ni mji wa bahari na vilima. Mji mkongwe unahesabiwa kuwa juu ya vilima saba, nao mlango wa bahari wa Bosphorus unaugawa mji mzima kati ya Ulaya na Asia. Miguu itachoka. Bahati njema kuna tramu, njia ya T1, inayounganisha karibu kila kitu anachohitaji mfanyabiashara: Karaköy, Eminönü penye vivuko, Sultanahmet penye majengo ya kale, Beyazıt penye soko kuu, kisha Laleli yenyewe. Nunua kadi ya usafiri iitwayo İstanbulkart, ambayo hutumika pia kwenye vivuko na treni. Upande wa pili wa daraja la Galata, badala ya kupanda kilima kwa miguu, kuna treni fupi ya chini ya ardhi ya Tünel, inayopandisha watu tangu mwaka 1875. Ya London tu ndiyo iliyoitangulia duniani.

Kwa upande wa matembezi, aliyesikia habari za lira atashangaa. Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537 kama kanisa, ikawa msikiti mwaka 1453, jumba la makumbusho katika miaka ya 1930, na msikiti tena mwaka 2020. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hutozwa euro 25 kupanda ghorofa ya juu. Ada ikishapangwa kwa euro, kushuka kwa lira hakumsaidii mgeni hata senti. Msikiti wa Sultan Ahmed ulio jirani, wenye minara sita, hauna kiingilio, wala Süleymaniye haina. Huu wa mwisho, kazi ya msanifu Sinan iliyokamilika mwaka 1557, uko juu ya kilima karibu na Beyazıt, na uani mwake unaiona bahari na mji hadi ng'ambo. Kwa maoni yetu, mwenye nusu siku tu aende huko. Kisha apande kivuko cha kawaida kutoka Eminönü hadi Kadıköy au Üsküdar upande wa Asia. Nauli ni ya abiria wa kila siku, na mandhari ni yaleyale wanayolipia watalii katika boti za kukodi.

Mbele ya Süleymaniye kuna safu ya mikahawa inayouza maharage yaliyopikwa kwa nyanya, pamoja na wali. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Ni wali maharage, na ni chakula cha mchana cha kumtosha mtu aliyebeba sampuli tangu asubuhi. Asubuhi kuna simit, mkate wa duara wenye ufuta, na chai ya rangi katika glasi ndogo. Eminönü huuzwa samaki wa kuchoma ndani ya mkate. Samaki huyo mara nyingi ametoka Norway, lakini ladha yake haina ubaya. Pale chini ya daraja la Galata uliza bei ya samaki kabla hajaenda jikoni.

Masikio nayo yatafurahi. Bili ya mkahawa huitwa hesap, duka ni dükkân, sanduku ni sandık, karafuu ni karanfil, na mbeba mizigo ni hamal. Maneno hayo yametoka katika hazina ileile ya Kiarabu iliyotupa sisi hesabu na hamali.

Mısır Çarşısı, soko la viungo la karne ya 17, ni zuri kwa macho na kwa zawadi. Kutoka hapo mtaa wa Mahmutpaşa hupanda kilima hadi Kapalıçarşı, soko lililofunikwa lililoanza kujengwa baada ya Waturuki kuuteka mji mwaka 1453, na ambalo husemwa kuwa na maduka zaidi ya 4,000. Kapalıçarşı lina bei za watalii. Mahmutpaşa ndiko wenyeji wanakonunua nguo za harusi na za watoto, na mwenye duka dogo atajifunza mengi kwa kupanda mtaa huo polepole akiuliza bei, hata asiponunua kitu.

Gharama kubwa husubiri nyumbani. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza ngazi ya nne ya ushuru wa pamoja wa forodha, ya asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo. Nchi wanachama huomba nafuu za mwaka mmoja mmoja, hivyo muulize wakala wa forodha kiwango cha mwaka huu kabla hujasafiri. Tuchukue mfano wa gauni la dola 12, na dola 3 za usafirishaji na bima. Forodha hutoza kwa thamani ya dola 15. Ushuru wa asilimia 35 ni dola 5.25, jumla 20.25. VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 inaongeza dola 3.65, na gauni limefika dola 23.90 kabla ya tozo nyingine na malipo ya wakala. Aliyesajiliwa kwa VAT ataidai. Mchuuzi asiyesajiliwa ataimeza.

Sasa weka tiketi, hoteli na chakula. Tuseme ni dola 1,400. Ukinunua magauni 300, kila moja linabeba dola 4.67 za safari na kufikia dola 28.57. Ukinunua 600, linabeba dola 2.33 na kufikia 26.23. Kama mteja wako hazidi dola 27, safari ya magauni 300 ni hasara hata kama kila muuzaji wa Laleli alikupunguzia bei. Siku mbili za matembezi nazo zisiingizwe katika bei ya gauni. Hizo ni matumizi yako binafsi, na zikiandikwa kwenye daftari la duka zitakupotosha utakapopanga safari ya pili.

Kwa vitu vya rejareja unavyoondoka navyo mwenyewe, omba ankara ya kurudishiwa kodi. VAT ya Uturuki kwa nguo ni asilimia 10 tangu Julai 2023. Mzigo na ankara huonyeshwa kwa forodha ya uwanja wa ndege na kugongwa muhuri kabla ya sanduku kuingia kwenye ndege, na kampuni inayorudisha fedha hukata ada yake.

Kuhusu siku: Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, na maduka mengi ya jumla vilevile. Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne. Anayefika Jumamosi usiku atembee Jumapili, na Jumatatu asubuhi awe Laleli na orodha ya saizi mkononi.