Ma'un: Ibada ya Vitu Vidogo Katika Mitaa ya Mabanda

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (SWT), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimwendee kipenzi chetu Mtume Muhammad (SAW), jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwongozo wao hadi Siku ya Kiyama.

Ndugu Waislamu, itajwapo Kibera jijini Nairobi, wengi hukumbuka mabati yenye kutu na mitaro ya maji machafu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtaa huo ulianza kama makao ya Waislamu. Wanubi, askari wenye asili ya Sudan waliowatumikia Waingereza katika jeshi la King's African Rifles, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mtaa limetokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Vizazi kadhaa viliishi bila hati, hadi mwaka 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Hadi leo adhana husikika Makina, nao wanaoisikia ni watu wa kila kabila na kila dini.

Dhiki ya hapo haifichiki. Aghalabu familia nzima hulala katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mifereji ikikauka bei hupanda, hata masikini akawa analipia maji ghali kuliko tajiri mwenye mfereji jikoni. Mnamo Julai 2018, nyumba na shule zilibomolewa kupisha barabara, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makao.

Pamoja na hayo, huruma haijahama mabandani. Katika Surat Al-Ma'un, Mwenyezi Mungu (SWT) amewakemea wanaomsukuma yatima na wasiohimiza kulishwa masikini, kisha akawaonya wanaoswali huku wakizuia ma'un. Swahaba Ibn Mas'ud (RA) alilifasiri neno hilo kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana majumbani: shoka, sufuria, ndoo na mfano wa hivyo.

Tazama basi, ndugu msomaji, ni nani anayeifanyia kazi sura hii kila siku. Mama anayekwenda kutafuta kibarua alfajiri humwachia jirani mtoto wake. Aliyeishiwa chumvi hubisha hodi mlango wa pili. Akifiwa mtu, mchango hupita nyumba kwa nyumba, na kila mmoja hutoa alichonacho. Wale tunaowadhania kuwa ni wapokeaji tu, wao ndio watoaji wa kwanza.

Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr (RA) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, kisha awaangalie majirani zake. Hakumtaka achinje mnyama mwingine. Alimtaka aongeze maji, jambo ambalo hata mwenye sufuria moja analiweza. Na katika Surat Al-Hashr, aya ya 9, Answari wamesifiwa kwa kuwatanguliza wenzao ilhali wao wenyewe ni wahitaji.

Matumaini pia yana ushahidi katika historia yetu. Abu Huraira (RA) alikuwa miongoni mwa Ahlus-Suffa, masikini waliolala katika msikiti wa Madina bila nyumba wala mali, na mara nyingi walishinda na njaa. Kutoka kwake umma umepokea Hadithi zaidi ya 5,000. Basi asidharauliwe mtoto anayesoma madrasa chini ya bati linalovuja.

Hata hivyo, subira ya masikini si ruhusa kwa mwenye uwezo kustarehe. Wengi wetu tunaishi na watu wa mabandani bila kutambua: anayetufulia nguo, anayelinda lango letu, anayetulelea watoto. Kabla ya kutafuta masikini wa kumpa sadaka, tumlipe huyu ujira wake kamili na kwa wakati, kwani Mtume (SAW) ameagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Mshahara unaocheleweshwa wiki moja ni kodi ya chumba isiyolipwa, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Kisha tutoe Zaka, asilimia 2.5 ya mali iliyotimiza kiwango na mwaka, tukikumbuka kwamba mafakiri na masikini ndio waliotajwa mwanzo katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na wenye madeni wamo pia. Mtaji wa kuuzia mboga au mandazi huenda ukamtosheleza mjane kuliko unga wa siku tatu. Wala tusiwapange watu foleni ili kuwapiga picha wakipokea, kwani Surat Al-Baqara, aya ya 264, imetahadharisha kwamba masimango na maudhi huibatilisha sadaka.

Na watoto wetu tuwazoeshe tangu udogoni kumpelekea jirani bakuli la chakula, wala wasiulize kwanza ni wa dini gani.

Ewe Mola wetu, walinde wanaolala katika dhiki, wafungulie milango ya riziki ya halali, na utujaalie kuwa miongoni mwa wasiozuia ma'un. Amin.