Spika zangu zilitikisa madirisha, lakini harusini hakuna aliyesikia neno

Kama umewahi kujiundia spika, najua ulichofanya ulipomaliza. Uliweka ngoma yenye besi nzito, madirisha yakatetemeka, ukasema hii sasa ni moto. Hata mimi. Maboksi yangu mawili ya plaiwudi niliyaunda kwa karo ya muhula ambao sikurudi chuo, kwa hivyo ilibidi yaniletee kitu.

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi hapa Bula Pesa. Wazee wakatoa nasaha, halafu mamake bibi harusi akaniita kando. "Mwanangu, besi nimeisikia mpaka tumboni. Maneno ya mzee sijasikia hata moja." Salio sikulipwa, na mdomo wa kulidai sikuwa nao.

Ndipo nikaanza kupima. Kuna programu ya bure ya kompyuta, Room EQ Wizard. Inatoa kwenye spika mlio unaopanda kutoka hezi 20 hadi 20,000, yaani kutoka mngurumo wa chini kabisa hadi kijilio chembamba ambacho sikio zima linaweza kunasa. Maiki inasikiliza, kisha unachorewa mstari: wapi spika inapiga kelele, wapi imelala. Usitumie maiki ya simu, nyingi hudanganya kwenye besi. Azima maiki ya kupimia.

Nilianzia chumbani, nikaona mlima karibu na hezi 57. Nikajipongeza. Kumbe ni chumba! Sauti husafiri kama mita 344 kwa sekunde. Kuta zangu zimeachana mita 3, sasa gawanya 344 kwa 6 uone. Besi niliyoringia ilikuwa ya kuta za landilodi.

Dawa yake Isiolo tunayo bure: uwanja mtupu. Nilibeba boksi hadi nje ya mji, upande wa barabara ya Moyale, nikalilaza chini likitazama maiki, nayo maiki nikailaza chini mita 2 mbele. Hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na maiki ikigusa ardhi, mwangwi wa ardhi hauvurugi kipimo. Enda alfajiri kabla upepo haujaamka. (Mbuzi nao wana maoni yao. Nilirudia mara nne.)

Safari hii mlima ulipotea, na karibu na hezi 3,000 kukawa na shimo kama kisima. Hapo ndipo wufa inapompokeza twita, na hapo ndipo sikio hutofautisha s, t na k. Nikafungua boksi: waya za twita nilizigeuza. Wufa ikisukuma hewa, twita inavuta, zinauana. Kuna krosova zinazotaka hivyo, yangu haikutaka. Nikabadilisha waya mbili tu, nikapima tena, shimo likajaa.

Nilimpigia yule mama. Ana binti mwingine, harusi ni baada ya Ramadhani. Amesema nilete hizo spika, ila pesa ni mzee akishamaliza kuongea.