Tuta la Mboga na Banda la Kuku: Adabu ya Uani Bonga

Kuku na mchicha havipatani. Kuku akiachwa kidogo tu kwenye tuta, atachakura mbegu, atadonoa miche michanga, kisha atajichimbia shimo la kuogea vumbi. Hata hivyo, katika kaya nyingi za Bonga vitu hivi viwili hukaa jirani uani, na kazi ya kuvipatanisha imezaa desturi zake: nani msimamizi wa nini, nini kikatwe lini, majani yaliyokatwa yaende kwa nani, na jirani aambiwe vipi kuku wake wanapovuka mpaka.

Bonga ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati, mji ulio makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Iko kusini mwa mji, kando ya barabara kuu ya Kondoa na Dodoma. Hii ni nchi ya Wagorowa, ambao wengine huwaita Wafiome, na wamechanganyika kwa miaka mingi na Wairaqw, Warangi na makabila mengine. Mashambani hupandwa mahindi yaliyochanganywa na mbaazi, maharage na alizeti, na mashamba hayo hufuata mvua. Bustani ya uani haina budi kuishi hata mvua ikikoma. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli zirudi, mboga hutegemea maji yaliyooshewa vyombo na mkono usiochoka kuyamwaga shinani jioni.

Kuishi karibu na mifugo si jambo geni kwa watu wa huku. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walilala nyumba moja na mifugo yao, na samadi ikabebwa hadi kwenye mashamba yaliyo jirani na boma. Ardhi yao ilikuwa finyu, nao wakaitunza kwa mbolea ya zizini badala ya kuihama. Kwa hiyo mama wa Bonga anapozoa mbolea bandani na kuipeleka hatua chache hadi kwenye tuta, anaendeleza kazi iliyokuwapo kabla yake na kabla ya bibi yake.

Ng'ombe ni mali ya kuzungumzwa na ukoo. Hulipwa mahari, na huwekezwa kwa rafiki au jamaa ili wasikae wote mahali pamoja. Kuku na mboga za uani, kwa kawaida, viko mikononi mwa mama na watoto. Mama hahitaji kikao ili auze jogoo mtoto apate daftari, wala haombi ruhusa kuchuma mnavu wa jioni. Desturi ya kuwekeana mifugo nayo imeshuka hadi kwa kuku: mwenye mtetea mzuri humpa ndugu au jirani aliyeanza maisha, na vifaranga wakikua hugawana. Mara nyingi mtetea huyo hufuatana na konzi ya mbegu.

Kazi ya kwanza ya bustani ni mpaka. Uzio wa minyaa huonekana sana katika nchi hii, kwa kuwa hauliwi na mifugo, hustahimili ukame, na kipande kilichokatwa kikichomekwa ardhini huota. Lakini minyaa hukatwa kwa adabu. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni huunguza vibaya na unaweza kupofusha. Ndiyo maana watoto hufukuzwa siku ya kuukata, mkataji hukaa upande upepo unakotokea, na hajigusi uso hadi anawe. Vipande vilivyokatwa huziba mapengo yaliyo chini, maana kuku haruki uzio akiwa na tundu la kupenya.

Ndani ya uzio ndipo ilipo kazi yenye maarifa zaidi, yaani kukata ili kitu kizidi kuzaa. Mnavu ukifika urefu wa shubiri moja hukatwa ncha, nao hutoa matawi ya pembeni. Ukianza kuchanua, maua huondolewa ili nguvu ibaki kwenye majani. Sukuma wiki huchumwa kuanzia chini, na majani machanga ya juu huachwa yaendelee kuulisha mti. Mgomba ulio kando ya banda hupunguzwa machipukizi hadi ibaki migomba mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Majani yake makavu hutandazwa matutani kuzuia jua lisinyonye unyevu, na juu yake huwekwa fito au matawi ya miiba, la sivyo kuku watayafukua yote wakitafuta wadudu.

Kilichokatwa hakitupwi. Majani yaliyotobolewa na wadudu, mabua ya mchicha na majani ya chini ya sukuma wiki yaliyokwisha kuwa manjano hufungwa fungu na kuning'inizwa bandani, kuku wadonoe bila kuyakanyaga. Majani ya nyanya hayapelekwi huko, kwa sababu yana sumu. Kuku apataye majani mabichi hutaga yai lenye kiini cha manjano iliyokolea, na mnunuzi wa mayai ya kienyeji huitazama rangi hiyo kabla ya kulipa.

Kuku naye hurudisha deni lake. Kinyesi chake kina naitrojeni nyingi, na kikiwekwa kibichi huunguza mimea. Kwa hiyo huchanganywa na maranda au makapi ya mahindi, kikarundikwa kivulini na kugeuzwageuzwa kwa miezi miwili au mitatu, hadi harufu kali iishe na kishikike kama udongo. Kusubiri huko kunalinda pia afya, hasa kwa mboga zinazoliwa mbichi, maana kinyesi kibichi hubeba vimelea vya kuharisha.

Adabu kubwa kuliko zote ni ya jirani. Msimu wa kupanda, mwenye kuku ndiye anayetakiwa kuwazuia: vifaranga na mama yao hufunikwa kwa tenga, na kuku mtukutu hufungwa kamba mguuni. Wakivuka hata hivyo, mwenye bustani hapigi jiwe. Huita, “Mama fulani, kuku wako huku!” na mwenyewe huja mbio, huku akitanguliza pole. Miche ikiwa imeharibika, hupeleka mingine kutoka bustanini mwake au mayai machache. Halipi kwa bei. Anaonyesha kwamba ameona hasara ya mwenzake. Ugomvi mwingi wa mitaa huzimwa hapo, kabla haujafika kwa balozi.

Desturi hizi sasa zinabanwa. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa Aprili 2018, na mashamba ya kando yake yakazidi kugeuka viwanja. Kuku chotara wa aina ya Kuroiler na Sasso wameongezeka. Hukua upesi na hula sana, kwa hiyo fungu la majani limekuwa na thamani zaidi. Nyumba zikisogeleana, ugonjwa wa kideri nao huenea upesi na unaweza kumaliza banda zima. Chanjo yake ya I-2, tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, haifai kufanywa na kaya moja peke yake. Inafaa majirani wapange siku moja, kwa moyo uleule wanaorudishiana miche.

Ninasikitika ninapoona kiwanja kipya kikimwagwa zege kutoka ukutani hadi ukutani, eti uani pawe safi. Usafi wa uani ni tuta lililopaliliwa, banda lililozolewa na uzio uliopunguzwa kwa wakati. Anayejenga Bonga leo aache angalau nafasi ya matuta mawili na banda la mitetea wachache. Mbegu ya mnavu asiende kuinunua dukani kwanza; akaombe kwa jirani. Atapewa, ataelekezwa lini aukate, na siku kuku wake watakapovuka mpaka, ataitwa kwa jina.